Uliza Tukujibu: Wakelti, watu waliosimuliwa na maadui zao

Toleo lililopita kuna msomaji aliuliza Halloween, ile sikukuu ya mavazi ya kutisha ya mwisho wa Oktoba, ilianzia wapi, nikamjibu kwa mistari mitatu, nikataja Wakelti nikapita zangu. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua na meseji zimekuja nyingi mno, wengine wanauliza, wengine wanabisha, mmoja anataka kujua nimesomea wapi (hiyo nimeiweka pembeni kwanza). Basi leo safu yote ni yao. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha, msininunie.

SWALI: Mwalimu salaam. Mimi ni mstaafu, siku hizi kazi yangu ni kusoma tu. Kila nikikutana na hawa Wakelti kitabu kimoja kinawaweka Ireland, kingine Austria, kingine Uturuki. Sasa kwao hasa ni wapi? – Mzee Mstaafu

JIBU: Salaam mzee wangu, na vitabu vyako vyote vitatu viko sawa, ndo utamu wenyewe huo. Wakelti hawajawahi kuwa na nchi moja wala mfalme mmoja, walikuwa makabila mengi yaliyotapakaa kuanzia Uhispania na Ireland mpaka katikati ya Uturuki ya leo, wanasema lugha za ukoo mmoja, na kutwangana wenyewe kwa wenyewe ilikuwa kawaida tu. Jina tumelipata kwa Wagiriki. Herodotus, karne ya 5 KK, anasema Keltoi wanakaa kule Mto Danube unakoanzia. Julius Caesar, jemedari wa Kirumi, naye anaanza kitabu chake cha vita vya Gallia, yaani Ufaransa ya leo na vipande vya majirani zake, kwa kusema kuna watu pale wanaojiita Celtae kwa lugha yao ila Warumi wanawaita Galli. Watu wa kisiwa cha Uingereza yeye anawaita Wabritoni tu. Huu mtindo wa kuwaita watu wa Wales na Ireland Wakelti umeshika kasi baada ya mwaka 1707, alipotokea msomi wa Wales, Edward Lhuyd, akachapisha kazi ya kuonyesha kwamba lugha zao na ile ya Wagallia wa kale ni ndugu.

Ukitaka kuwaona kwa karibu anzia Hallstatt, Austria. Kijiji kidogo, kimebanwa kati ya ziwa na mlima, na tumbo la mlima limejaa chumvi. Kuanzia 1846 mpaka 1863 bosi wa mgodi, Johann Georg Ramsauer, alifukua pale makaburi kama 980, akakuta mapanga, vyombo vya shaba, kuna hata upanga una mpini wa pembe ya ndovu uliopambwa kwa kaharabu, na ndovu Austria hakuna bana, kwa hiyo ujue chumvi ilikuwa inalipa. Chumvi hiyohiyo imehifadhi vitu ambavyo kwa kawaida vinaoza, nguo, mikoba ya ngozi ya kubebea mzigo, hata mwili wa mchimbaji mmoja wa kale uliokutwa mwaka 1734 umeganda ndani ya mwamba. Na hii wenye kinyaa waruke: wamekuta mpaka kinyesi cha wachimbaji, na watafiti walipokipima wakatoa matokeo mwaka 2021 kwamba jamaa miaka kama 2,700 iliyopita walikuwa wanakula jibini ile yenye ukungu wa bluu na kushushia bia. Mi nimesoma vitabu vingi vya majemedari wao lakini hakuna kilichowaleta karibu yangu kama hiyo jibini.

Alafu 1857 maji ya Ziwa Neuchâtel kule Uswisi yakapungua sana, mahali panapoitwa La Tène zikaonekana nguzo za mbao na silaha za chuma chini ya maji, mapambo yake ya kujikunjakunja kama mizabibu. Wataalamu wanatumia majina hayo mawili kugawa zama, Hallstatt kwanza, La Tène kuanzia kama 450 KK. Ila kuwa makini mzee, upanga hausemi lugha, mtu kuwa na panga la La Tène haimaanishi nyumbani kwake walikuwa wanaongea Kikelti.

SWALI: Bwana asifiwe mwalimu. Kuna kaka wa kwaya yetu anashikilia kwamba Wagalatia wa kwenye Biblia ni Wakelti. Sisi tunajua Wakelti ni wazungu wa huko baridini, Paulo alifikaje? – Mama Kwaya

JIBU: Amina mama. Kaka yako wa kwaya mpe soda, kwa sehemu kubwa yuko sahihi. Mwaka 279 KK makundi makubwa ya Wakelti yalishuka kupitia Balkani mpaka Ugiriki, yakafika hadi Delphi penye lile hekalu maarufu, kiongozi wao anaitwa Brennus, wakarudishwa na baridi na mapigano. Kundi jingine lilikuwa limejitenga njiani, na hilo, mwaka 278 KK, mfalme Nicomedes wa Bithynia akalivusha kuingia Asia Ndogo ili limsaidie kupigana na ndugu yake. Unajua ukimkaribisha mgeni mwenye panga inakuwaje. Walikuja na wake na watoto na mikokoteni, wakaishia kushika nyanda za juu za kati, kuzunguka Ankara ya leo, makabila matatu, Tolistobogii, Trocmi na Tectosages, na kwa miaka mingi wafalme wa jirani wakawa wanawalipa ili wasiwaguse. Attalus wa Pergamon ndo akagoma kulipa, akawapiga, akatengeneza masanamu ya kujisifu. Nakala ya Kirumi ya mojawapo iko Roma mpaka leo kwenye Makumbusho ya Capitolini, mwanamume uchi, masharubu, nywele zimesimama, shingoni ana mkufu mzito uliosokotwa, amekaa chini anakufa kidogokidogo. Aliyeitengeneza alikuwa upande wa washindi lakini ukiiangalia unamwonea huruma mshindwa.

Nchi ndo ikaitwa Galatia. Paulo anaandika waraka wake karne ya 1 BK, kwa hiyo wamekaa pale kama miaka 300, na wasomi wanabishana kama aliwaandikia hao wa kabila lenyewe kaskazini au watu mchanganyiko wa kusini maana jimbo la Kirumi lililoitwa Galatia lilikuwa kubwa kuliko eneo lao. Lakini usifikiri walikuwa wamemezwa kabisa. Karne ya 4 Mtakatifu Jerome, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, anasema Wagalatia pamoja na Kigiriki bado wana lugha yao, na inafanana na ya watu wa Trier kule Ujerumani. Miaka mia sita na zaidi, mama, na lugha hawajaiacha.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne. Madruidi walikuwa wachawi au makuhani? Na kweli walichoma watu kwenye sanamu kubwa? Kwenye muvi wanaonyesha hivo. – Mwanafunzi

JIBU: Marahaba mwanangu. Muvi ziweke pembeni, tuanze na aliyeandika. Madruidi, yaani wasomi wa dini wa Wakelti, wao wenyewe hawakuandika mafundisho yao hata mstari, na sio kwamba hawakujua kuandika, Caesar anasema mambo mengine ya mahesabu waliandika kwa herufi za Kigiriki. Anatoa sababu mbili, moja hawakutaka mafundisho yazagae kwa kila mtu, pili waliona mwanafunzi akishategemea maandishi analegeza kumbukumbu (unaskia hiyo, wewe unayepiga picha ubao kwa simu). Wengine walikaa kwenye mafunzo miaka 20 wakikariri mashairi.

Kazi yao ilikuwa pana kuliko kuhani. Waliamua kesi, za mauaji, urithi, mipaka ya mashamba. Hawakulipa kodi wala kwenda vitani. Mtu akikataa hukumu yao adhabu kali kuliko zote ilikuwa kumzuia asishiriki kafara, na ukishapigwa hiyo watu wanakukwepa kama una ugonjwa. Kila mwaka walikutana sehemu takatifu kwenye nchi ya kabila la Carnutes, katikati ya Gallia. Walifundisha kwamba roho haifi, inahamia kwa mwingine, na imani hiyo watu waliishika kwelikweli kiasi kwamba mwandishi wa Kirumi Valerius Maximus anashangaa eti Wagallia walikuwa wanakopeshana pesa za kulipana kwenye maisha yajayo. Hebu jaribu kumwambia hivo mtu anayekudai. Pliny, mwandishi wa Kirumi, ndo katuachia ile picha ya kuhani wa nguo nyeupe anapanda mwaloni siku ya sita ya mwezi, anakata kwa mundu wa dhahabu ule mmea unaoota juu ya matawi ya miti mingine, chini wamekinga kwa joho jeupe, na ng'ombe dume wawili weupe wanachinjwa.

Sasa kafara. Caesar na Strabo, mwandishi wa Kigiriki, wote wanazungumzia sanamu kubwa la fito linajazwa watu linawashwa moto. Lakini Caesar alikuwa anateka nchi za hao watu na alihitaji wasomaji wa Roma waone ni sawa, na hakuna mahali anasema aliliona kwa macho yake. Hakuna majivu ya sanamu hilo yaliyowahi kuchimbuliwa. Kwa hiyo la muvi liache hivohivo.

Kwamba watu waliuawa kwa ibada, hilo lina mashiko zaidi. Mwaka 1984 wakata mboji kwenye kinamasi cha Lindow, kaskazini magharibi mwa Uingereza, walikuta mwili wa mwanamume wa miaka kama 25, ngozi imekaushwa na mboji kama ngozi ya kiatu. Alikuwa uchi isipokuwa kikuku cha manyoya ya mbweha mkononi. Ndevu zimepunguzwa kwa mkasi, kucha nzuri, sio mtu wa jembe huyu. Alikula mkate ulioungua kidogo. Alipigwa kichwani, shingoni ana kamba nyembamba imekazwa, na koo limekatwa. Tumboni kuna chavua ya ule mmea wa Pliny. Wengi wanasema kafara, wengine wanasema kamba ilikuwa mkufu tu na koo liliharibika baadaye, mi naegemea kafara lakini sitaapa. Yuko Makumbusho ya Uingereza, London. Na mwaka mmoja kabla yake, kinamasi hichohicho, lilitoka fuvu la mwanamke, polisi wakaja, na mwanamume mmoja aliyewahi kuishi karibu, ambaye mke wake alipotea zaidi ya miaka 20 nyuma, akakiri kamuua. Fuvu likapimwa, likaonekana ni la zama za Warumi, lina zaidi ya miaka 1,700. Alishakiri, akafungwa kwa maneno yake mwenyewe.

Madruidi walimalizwa na siasa. Mfalme Claudius alipiga marufuku dini yao, alafu mwaka 60 au 61 BK jeshi la Roma likavuka kwenda kisiwa cha Anglesey, Wales, na mwanahistoria wa Roma, Tacitus, anasema ufukweni walikuta wanawake wa nguo nyeusi wanakimbia na mienge, madruidi wamenyanyua mikono wanalaani, askari wakaganda kwa muda, kisha wakaua wakachoma na misitu mitakatifu ikakatwa. Kwenye kisiwa hicho, 1942, wakati wa kujenga uwanja wa ndege za kivita, walichimba mboji kwenye ziwa la Llyn Cerrig Bach, ukatoka mnyororo mzuri wa chuma. Wakaufunga kwenye trekta wakawa wanavutia malori yaliyonasa matopeni. Baadaye ndo wakagundua una miaka kama 2,000, ni mnyororo wa kufungia watumwa shingoni kwa mstari, uliotupwa ziwani kama sadaka pamoja na vitu vingine zaidi ya 150. Na bado ulivuta lori!

SWALI: Stonehenge walijenga madruidi au sio? Jibu fupi tafadhali. – Mbishi

JIBU: Sio. Duara hilo la mawe la kule Uingereza lilianza kujengwa kama 3000 KK, mawe makubwa yakasimamishwa kama 2500 KK, madruidi tunaanza kuwasikia zaidi ya miaka elfu mbili baadaye. Aliyeeneza hiyo hadithi ni William Stukeley kwa kitabu chake cha 1740. Wale wanaovaa mashuka meupe pale kila Juni ni vyama vya kisasa, wala usigombane nao.

SWALI: Umesema Halloween ni ya Wakelti, mchungaji wetu anasema ni ya shetani, mwanangu anasema ni ya Wamarekani. Nani mkweli? – Baba Wawili

JIBU: Hapa lazima nijisahihishe kidogo maana toleo lililopita nilikimbia. Ireland ya kale kulikuwa na sikukuu inaitwa Samhain, kuanzia jioni ya kuamkia tarehe 1 Novemba, mwisho wa msimu wa malisho, mifugo imerudishwa, baridi inaingia. Hadithi za Kiireland zinasema usiku huo milango ya vilima inafunguka na viumbe wa ulimwengu mwingine wanatembea. Lakini hadithi hizo ziliandikwa na watawa Wakristo, karne nyingi baada ya upagani kuisha, kwa hiyo ibada yenyewe ilikuwaje hatuna mtu aliyeishuhudia akaandika. Kanisa la Magharibi nalo kwenye karne ya 8 na ya 9 likaiweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe hiyohiyo. Waireland wakachonga sura kwenye mboga ya tanipu, wakahamia Marekani wakakuta maboga ni makubwa na rahisi kuchonga. Mwanao ana haki yake.

Swali la kwa nini ianze jioni ndo tamu zaidi. Caesar anasema Wagallia walihesabu muda kwa usiku, sio kwa mchana, siku inaanza jua likizama, kama Waislamu na Wayahudi wanavyohesabu. Mwaka 1897 pale Coligny, Ufaransa, vilifukuliwa vipande vya shaba vilivyovunjikavunjika, wakaviunga kama fumbo la picha, ikatokea kalenda ya miaka 5 kwa lugha ya Kigallia, ya karne ya 2 BK. Kuna miezi 12 na miwili ya kuongeza ili mwezi wa angani na jua visiachane. Kila mwezi umeandikiwa ama mzuri au sio mzuri, na kuna mwezi unaitwa Samonios wenye maneno yanayosomwa kama usiku tatu za Samonios. Inaonekana ni ndugu wa Samhain. Pembeni ya kila siku kuna tundu dogo la kuchomeka kijiti ili usipotee leo ni lini.

SWALI: Wanawake wa Kikelti kweli walikuwa na sauti au ni mambo ya mitandaoni? – Dada wa Sokoni

JIBU: Dada yangu, ukimuuliza Caesar atakwambia huko Gallia mume alikuwa na mamlaka ya kumuua mke na watoto, alafu huyohuyo anasema Uingereza wanaume 10 au 12 wanachangia wake. Mwanajeshi, yuko safarini, anaandika ya kusikia. Ardhi inasema vingine. Mwaka 1953 pale Vix, Ufaransa, lilifunguliwa kaburi la mwanamke wa kama 500 KK, kalazwa kwenye mkokoteni, shingoni dhahabu ya gramu 480, pembeni yake chombo cha shaba cha kuchanganyia mvinyo, kazi ya Wagiriki, urefu mita 1.64, uzito kilo 208, kinabeba lita 1,100. Chombo kina kimo cha mtu! Na kuna wasomi walishindwa kumeza, wakadai labda huyo ni kuhani wa kiume aliyevaa kike.

Mwaka 2025 jarida la Nature likatoa utafiti wa vinasaba vya makaburi ya kabila la Durotriges, Dorset, kusini mwa Uingereza. Wengi waliozikwa pale walikuwa uzao wa mama mmoja wa mbali, na wanaume wengi ndo walikuwa wageni waliotoka nje. Yaani waume walihamia ukweni. Unajua hilo linabadilisha nini kwenye ugomvi wa nyumbani, ndugu wote waliokuzunguka ni wako.

Na Boudica nadhani umemsikia, mke wa mfalme wa kabila la Iceni, Uingereza. Mume alikufa akaacha wosia kwamba ufalme wagawane Nero, mfalme wa Roma, na mabinti zake, maofisa wa Roma wakachukua chote, yeye akachapwa viboko na mabinti wakabakwa. Mwaka 60 au 61 akachoma Colchester, London na St Albans. Mpaka leo mafundi wakichimba msingi katikati ya London wanakuta tabaka jekundu la udongo ulioungua, ni yeye huyo. Alishindwa mwisho. Lakini ili usidhani malkia wote walikuwa upande mmoja, karibu miaka 10 kabla, mwaka 51, malkia mwingine, Cartimandua wa kabila la Brigantes, alimpokea Caratacus, kiongozi wa vita aliyekimbia Warumi, akamfunga akawakabidhi.

SWALI: Kuna kitu chochote tunachotumia leo walianzisha hao? – Fundi

JIBU: Fundi, asubuhi uliponawa. Pliny anasema sapo ni uvumbuzi wa Wagallia, mafuta ya mnyama na majivu, na hawakuogea, walipaka nywele ziwe nyekundu. Neno hilo la Kilatini likaenda Kigiriki, likaenda Kiarabu likawa sabun, likatufikia sabuni. Ingawa wataalamu wengi wa lugha wanasema Warumi hilo neno walilitoa kwa Wajerumani, jirani zao. Nywele walizipenda mno, Mgiriki Diodorus anasema waliziosha kwa maji ya chokaa mpaka zinasimama kama singa za farasi, na masharubu yao yalichuja kinywaji wakinywa.

Vazi la vita la pete za chuma, Mrumi Varro anasema wamelitoa kwao. Mapipa ya mbao ya kuhifadhia kinywaji, waandishi wa Roma wanayahusisha na watu wa Gallia na milima ya Alpi wakati wao wanahangaika na mitungi. Suruali pia waliwacheka nazo, baadaye askari wao wenyewe wakazivaa, baridi haina ubishi. Na neno lao la mkokoteni, karros, lilichukuliwa na Kilatini na kutoka huko ndo Kiingereza kikapata neno lake la motokaa. Gari letu msilipachike humo, limetoka Kihindi.

SWALI: Kama walikuwa wengi na wakali hivo mbona walipigwa na Warumi? – Kamanda wa Kijiwe

JIBU: Mwanzoni ndo walipiga wao. Kama 390 KK kabila la Senones liliwafyeka Warumi kando ya mto Allia, wakaingia Roma, wakaiacha baada ya kulipwa dhahabu ratili 1,000, na mwandishi wa Roma, Livy, anasimulia kwamba Warumi walipolalamika mizani inaiba, mkuu wao (naye anaitwa Brennus, ila sio yule wa Delphi) akatupa upanga wake juu ya mawe ya mizani na kusema ole wao walioshindwa. Livy aliandika zaidi ya miaka 300 baadaye, lakini kidonda Roma hawakukisahau.

Kupigana uchi ni kweli, angalau kundi moja. Vita vya Telamon, 225 KK, Mgiriki Polybius anasema kundi la Gaesatae walivua nguo zote wakasimama mbele, na mikuki ya kurusha ikawamaliza maana ngao hazikuwafunika. Na vichwa vya maadui walivikata kweli, msomi wa Kigiriki Posidonius alitembelea Gallia akaona vimetundikwa milangoni, anasema mwanzo alichefukwa, alafu akazoea. Le Cailar, kusini mwa Ufaransa, wamekuta mafuvu ya karne ya 3 KK yana mabaki ya utomvu wa miti ya jamii ya msonobari, kwa hiyo waliyahifadhi kama waandishi walivyodai.

Kilichowaponza ni kila kabila na lake. Caesar aliingia 58 KK akiwa na marafiki ndani ya Gallia, wakigombana anaegemea upande mmoja. Ilipofika 52 KK ndo kijana wa kabila la Arverni, Vercingetorix, akawaunganisha wengi, akachoma mashamba na miji yao wenyewe ili Warumi wakose chakula, akamshinda Caesar pale Gergovia. Kisha akajifungia kilima cha Alesia. Caesar akazungushia kuta mbili, ya ndani kama kilomita 16 kuwazuia waliomo, ya nje kama kilomita 21 kuzuia watakaokuja kuwaokoa, jeshi lake likakaa katikati kama nyama ya sambusa. Njaa ikakaza. Wenye mji, kabila la Mandubii, wakatolewa nje, wazee na wanawake na watoto, wakafika kwenye ukuta wa Warumi wakilia wapokelewe hata kama watumwa. Caesar anaandika mwenyewe, bila aibu, kwamba aliweka walinzi wasipokelewe. Jeshi la kuokoa lilikuja, likapigwa. Vercingetorix akajisalimisha, akakaa kifungoni miaka 6, mwaka 46 KK akatembezwa Roma kwenye sherehe ya ushindi kisha akauawa. Mwandishi wa Kigiriki Plutarch anasema vita hivo viliua milioni moja na kuteka milioni nyingine. Namba za kale zipunguze upendavyo, bado hazipungui vya kutosha.

SWALI: Wapo leo? – Msomaji wa Kimya

JIBU: Lugha zipo. Kigallia kilikufa, lakini Kiwelshi kinaongelewa na watu kama 538,000 huko Wales kwa sensa ya 2021, kuna Kiireland, Kigaeli cha Scotland, na Kibretoni cha Ufaransa ambacho watu wengi hudhani ndo mtoto wa Kigallia kumbe kililetwa na wahamiaji kutoka Uingereza karne ya 5 na ya 6. Kikornish kilizimika kikafufuliwa. Na kuna Kimanksi, cha Kisiwa cha Man. Mzungumzaji wa asili wa mwisho, mvuvi mmoja, Ned Maddrell, alifariki 1974, lakini alikuwa ameshakubali kurekodiwa na vijana wakawa wanamfuata kujifunza. Mwaka 2009 UNESCO ikatangaza lugha hiyo imekufa. Kisiwani kuna shule ya msingi inafundisha kwa Kimanksi, watoto wakakaa wakaandika barua kwa UNESCO, kwa Kimanksi, wakiuliza kama lugha yetu imekufa basi hii tunayowaandikia ni ipi. UNESCO ikabadilisha.